Ganzi Iliyopanda Kutoka Mkekani

Ikiwa unasoma haya nyayo zako ukiwa umeanza kuzihisi kama si zako, zote mbili kwa pamoja, na ganzi hiyo inapanda, usiendelee kusoma. Mwite mtu akupeleke hospitali, kisha urudi; maneno haya hayana haraka. Wengine, ambao wamekwisha kuambiwa jina la maradhi haya na sasa wanangoja kuona kama mwili utarudi au hautarudi, hao ndio niliowakusudia.

Mimi ni mjane wa Tanga, mama wa binti mmoja, Salma. Nilianza kidato cha kwanza nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, baada ya kutoka eda, nikakaa dawati moja na watoto waliokuwa wakiniamkia shikamoo kabla ya kuninyang'anya rula. Elimu ilinichelewa, nami sijaichezea tangu iliponifikia. Kwa elimu hiyo nilipata mkataba wa ukarani wa stoo katika kampuni ya vyakula, ambayo ghala lake liko Al-Sulay, na kwa mkataba huo nikapata chumba Malaz, mjini Riyadh, nikakaa pamoja na Akinyi, msusi kutoka Kisumu, aliye mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano na mwenye sauti kubwa kuliko umri wake.

Akinyi ndiye aliyenipeleka ukumbini. Ulikuwa ukumbi wa wanawake watupu, ghorofa ya pili, nyuma ya duka la mazulia, na huko tulifundishwa aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami ambayo humtaka mtu asishindane na nguvu inayomjia bali aipishe na kuigeuza. Mwalimu wetu, Samira, alikuwa Mmoroko mwenye umri kama wangu. Hatukuinamiana wala kuuinamia ukuta, kama nilivyosikia kwamba hufanywa kwingineko. Tuliweka mkono kifuani, basi, ikawa ndiyo salamu yetu. Nilikwenda kwa kutaka kunyoosha mgongo. Nilibaki kwa sababu hapakuwa na mahali pengine katika mji ule ambapo mtu aliniangusha chini kisha akangoja kwa adabu niinuke.

Kila somo lilianza na kuisha kwa kukaa juu ya visigino, magoti mbele, mgongo wima. Kikao hicho kinakaribiana sana na kikao cha tahiyatu, na kwa hiyo mimi, niliyesali tangu utotoni, nilikiweza kuliko wengi. Wanafunzi wapya miguu huwafa ganzi. Wakiambiwa wainuke huyumba kama ndama wa asubuhi ileile, na ukumbi mzima hucheka. Ila ipo sheria ambayo haikuandikwa popote: mwenye ganzi haguswi. Hashikwi mkono, hainuliwi. Huachwa palepale mpaka damu irudi, na wenzake huendelea na mazoezi wakimzunguka, kwa sababu kumshika ni kumwonyesha kuwa dhaifu mbele za watu.

Mwishoni mwa Januari nilihara kwa siku chache, nikapona. Jumapili ya tarehe 9 Februari nilihisi kama nimevaa soksi za sufi, nami sikuwa nimevaa kitu. Jumanne, tarehe 11, siku ya kumi na mbili ya Shaaban, Samira alipotuambia tuinuke, wote waliinuka isipokuwa mimi.

"Haa! Leo Mama Salma naye!" Akinyi alipiga makofi. "Mwenye miguu ya chuma!"

"Ngoja kidogo. Inarudi."

"Itarudi tu. Si ulikuwa unatucheka sisi? Kaa hapo ulipe dhambi."

"Mwacheni Ummu Salma," Samira akasema kwa Kiarabu, akitabasamu. "Hii ni zamu yake."

Wakaniacha, kwa heshima yote. Walianguka na kuinuka kandokando yangu, na mimi nikakaa katikati ya mkeka kama mzigo uliosahauliwa bandarini, nikiwa nimenyoosha mgongo na kutazama mbele, maana niliona kwamba nikiwa sina miguu basi angalau niwe na shingo. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa. Waislamu kati yetu wakapanga safu, nami nikasali nilipokuwa. Nilipotoa salamu, ganzi ilikuwa imevuka magoti. Huko ndiko tulikokosea sote, na hakuna anayeweza kukosea hivyo ila watu wa ukumbi kama ule: mahali pengine popote, mwanamke mzima akishindwa kuinuka, watu wangepiga kelele.

Akinyi alikuja kuchuchumaa mbele yangu. Hakuwa akicheka tena. "Mathe," akasema, "hii si ganzi ya kukaa."

Samira ndiye aliyeivunja sheria. Alinitia mikono kwapani, akanivuta, na miguu yangu ikafuata nyuma kama kanga mbichi.

Sitaeleza nadharia ya ugonjwa huu. Waliniambia kwamba kinga ya mwili hukosea adui na kuishambulia mishipa ya fahamu, na hayo yanatosha. Nitaeleza kungoja. Nilingoja katika chumba cha mapokezi cha hospitali, upande wa wanawake, juu ya kiti cha magurudumu, mkabala na mama mmoja aliyekuwa akimlisha mjukuu wake biskuti. Nilingoja kuchomwa sindano ya uti wa mgongo. Nilingoja majibu. Ijumaa mikono ilinitoka. Jumamosi uso: nilijaribu kumtabasamia muuguzi na nikaona katika macho yake kwamba hakuna kilichotokea. Jumapili pumzi ikaanza kunipungukia, wakaniingiza mpira kooni na kunifunga kwenye mashine ya kupumulia.

Kwa wewe uliye katika hali hiyo sasa, na mtu anakusomea: najua kwamba unasikia. Mimi nilisikia kila kitu. Nilisikia kiyoyozi, magurudumu ya toroli ya dawa, wauguzi wakibishana kuhusu zamu za Ramadhani iliyokuwa ikikaribia. Macho hayakufumba yenyewe, ikabidi wayabandike kwa plasta ili yasikauke, hivyo hata kwa giza niliutegemea mkono wa mtu mwingine. Shuka ikinigusa vidole vya miguu niliungua kama kwa maji ya moto, na sikuwa na njia ya kusema, "Iondoeni." Kufungwa gerezani kuna mlango. Mimi nilikuwa mfungwa, nilikuwa gereza, na nilikuwa pia mlango usiofunguka.

Rehema zilikuwapo, ndogondogo. Dawa ya dripu ilinirudishia nyusi ya kulia kabla ya kitu kingine chochote, na muuguzi mmoja Mfilipino aligundua hivyo akatufundisha sote lugha: nyusi juu ni ndiyo. Na alikuwapo Akinyi. Kila madaktari wanaume walipokaribia, alikuwa akinivuta ushungi mpaka kwenye paji la uso na kuuchomeka vizuri chini ya mto.

"Wewe ni Mkristo," muuguzi alimwambia siku moja kwa mzaha. "Ya nini kuhangaika?"

"Huyu mathe akiamka apate nywele zake zimeonwa na watu wote hapa, ataniua," Akinyi akajibu. "Mimi naogopa aikido yake."

Nyusi yangu ilipanda, wakacheka wote wawili.

Wifi yangu Mwanaidi, dada wa marehemu mume wangu, alifika kutoka Jeddah siku ya tatu ya Ramadhani, siku ambayo mashine ilikuwa imeondolewa lakini sauti haijarudi. Yeye ni msimamizi wa mafundi katika karakana ya mabaibui, mwanamke wa amri, na tangu siku ya harusi yangu hatukuwahi kukaa chumba kimoja kwa saa nzima bila kupigana vijembe. Alisimama miguuni pa kitanda changu na kumwambia Akinyi, kama kwamba mimi nilikuwa picha ukutani:

"Nilimwambia. Mjane wa kaka yangu, mwanamke wa heshima zake, anabingirika sakafuni na Wajapani!"

"Hakuna Mjapani hata mmoja, mama. Mwalimu ni Mmoroko."

"Basi afadhali angekuwa Mjapani. Na alipoanza kuumwa alimwambia nani? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo kimeshindwa," Akinyi akasema. "Sasa muumbuane nyinyi."

Baada ya Idi alikuja mtu wa makaratasi wa kampuni, yule ambaye huku huitwa mandubu. Alikuwa mpole. Alieleza kwamba likizo ya ugonjwa inakwisha baada ya Idi ya Kuchinja, na kwamba Jumapili ya tarehe 15 Juni daktari wa kampuni atanipima hapa Riyadh. Nikiweza kazi, ikama, kibali changu cha ukaazi, itaendelea, na bima ya matibabu pamoja nayo. Nisipoweza, halas: nitapewa hati ya kuondoka moja kwa moja. Nilijua maana yake. Tanga hospitali ipo, lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kunishika kila siku, kwa miezi, sikumjua wa kumpata. Ningerudishwa nyumbani nusu ya mtu na nusu hiyo ndiyo ningebaki nayo.

"Arudi nyumbani," wifi alimwambia mandubu bila kungoja. "Ya nini kungoja Juni? Mimi ndiye nitakayemsindikiza."

Sauti yangu ilikuwa imeanza kutoka, nyembamba kama ya mbu. Nilisema, "Mafi." Ni neno la Kiarabu cha mtaani, maana yake hakuna, na lilikuwa fupi kuliko yote niliyoyaweza.

Tukapatana nusu: nisirudi Tanga, ila nisibaki Riyadh. Tarehe 16 Aprili nilisafirishwa mpaka Jeddah, nikatiwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wifi, ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Joto la Jeddah si kama la Riyadh. La Riyadh hukukausha, la Jeddah hukuvaa. Wanaume wawili wa jirani walinipandisha nikiwa juu ya kiti. Niliwashukuru, na moyoni nikajua kwamba sitashuka ngazi zile isipokuwa kwa hisani ya watu.

Mara tatu kwa wiki Hanan, msichana wa Kijeddah aliyesomea mazoezi ya viungo, alikuja kunikunja na kunikunjua. Siku nyingine zote nilikuwa mikononi mwa wifi. Alinilisha nikiwa na uwezo wa kula. Alinivisha nikiwa na mkono mmoja tayari ndani ya nguo. Nikiinua kikombe, kabla hakijafika mdomoni kilikuwa kimekwisha kushikwa. Alikuwa akinipenda kwa namna ya kunizuia kupumua. Na asubuhi moja, alipotoka kwenda kazini, nilisikia ufunguo ukizunguka mara mbili kwa nje.

Jioni nikamuuliza, "Wifi, umenifungia?"

"Nimekufungia."

"Mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi hangefikiria kushuka ngazi kwa miguu ya mlenda. Nakujua wewe."

Nilimpigia Samira simu. Sikulia, nilimweleza tu kama karani anavyoeleza upungufu wa mali. Akaniuliza: "Magoti yanakushika?" Nikasema yanashika, visigino ndivyo vinavyokataa. "Basi, Ummu Salma, unajua kutembea kwa magoti. Nilikufundisha. Anza hapo, na umwambie mtaalamu wako." Ni kweli: katika sanaa ile yapo mazoezi ya kwenda kwa magoti, mwili ukiwa wima, nyonga ikiongoza, ambayo tuliyachukia sote kwa sababu huchubua. Hanan alipoambiwa aliyatazama, akasahihisha mgongo wangu, akakubali kwa sharti kwamba niyafanye juu ya zulia tu, kamwe si juu ya marumaru. Nikaanza. Kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kitandani, nyumba ikiwa imefungwa, baharia wa mita nne.

Wifi alirudi mapema siku moja akanikuta hivyo. Aliangusha mfuko wa nyanya.

"Unatambaa! Mke wa kaka yangu anatambaa kama mtoto!"

"Sitambai. Natembea."

"Kwa magoti?"

"Ndiyo miguu niliyonayo leo."

Alikaa chini katikati ya nyanya zake akalia, nami nilikasirika, kwa sababu kilio kile kilikuwa cha msibani na mimi nilikuwa hai. Hatukusemeshana mpaka chakula cha kesho yake mchana.

Mwishoni mwa Mei niliweza kusimama kwa kushikilia fremu, na hapo ndipo nilipoikiuka amri ya Hanan. Alhamisi, tarehe 29, adhuhuri, nilikwenda chooni bila fremu, nikishika ukuta. Marumaru yalikuwa na maji. Mwili ulianguka kabla yangu mimi kujua, na ulianguka vizuri: kidevu kikakunjika kifuani, mkono ukapiga chini bapa, mgongo ukajiviringa. Hapakuvunjika kitu. Lakini kuanguka vizuri na kuinuka ni mambo mawili. Juu ya maji magoti hayakushika, simu ilikuwa kitandani, na mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa ufunguo uliokuwa katika mkoba wa mtu mwingine upande wa pili wa mji. Niliita. Jirani alisikia, akaja akagonga, akaniomba nifungue. "Siwezi," nikasema. "Ufunguo uko wapi?" "Anao kila mtu isipokuwa mimi." Alikwenda kumtafuta wifi kwa simu, na mimi nikalala juu ya marumaru yale nikilitazama bomba la maji, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nikatamani kurudi Tanga hata kwa machela.

Wifi alipofika alikuwa hana kiatu kimoja. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni ndani ya maji, na baibui lake jipya, akakiweka kichwa changu juu ya paja lake.

"Nilidhani nimekufungia na mauti," akasema.

"Mauti hayahitaji ufunguo, wifi."

"Wewe hukuwapo kaka alipofariki. Ulikuwa njiani. Mimi ndiye niliyemfumba macho kwa mkono huu. Nilipokuona kule Riyadh na plasta machoni..." Baadaye akasema, "Kila unapoinua kikombe naona kinaanguka. Mkono unakwenda wenyewe."

Kwa miaka yote ya ujane wangu sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kifo kile kilimfika mtu mwingine pia. Nilimwambia: "Nisaidie kukaa. Kukaa tu. Kuinuka niachie." Akanikalisha. Ilinichukua muda mrefu, kwa kukausha sakafu kwa taulo kipande kwa kipande na kuegemea beseni, lakini niliinuka. Jioni ile ufunguo ulitundikwa msumarini upande wa ndani.

Leo ninapoandika, visigino bado vinaungua nikisimama sana, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakijui kama ni changu. Siwezi kukimbia. Ukumbini Malaz ninakaa kwenye kiti kando ya mkeka, na Samira amewaambia wanafunzi kwamba mwenye ganzi sasa huulizwa kwanza, kisha ndipo huachwa. Kwako wewe unayengoja nasema hivi: mwili haurudi kama mgeni, kwa kubisha hodi. Hurudi kama mtoro, kipande kwa kipande, akichungulia kama bado unamkasirikia. Usimkemee. Na wale wanaokuuguza, uwape kazi ambayo wataiweza, maana wasipopewa watajitafutia.

Nimebakiza kuieleza Jumapili ya tarehe 15 Juni. Tulipanda ndege ya asubuhi, mimi na wifi, katikati ya mahujaji waliokuwa wakirejea makwao. Chumba cha kungojea cha daktari wa kampuni kilikuwa kimejaa madereva na wapishi wenye bandeji, na hapakuwa na aliyemtazama mwenziwe, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akingoja kuambiwa kama bado anahitajika. Jina langu liliitwa. Wifi akaingia pamoja nami akaketi kwenye kiti cha ukutani, kando ya meza.

Daktari alikuwa na haraka bila ukali. Akaniambia nisimame kutoka kitini bila kushika. Nikasimama, mara ya pili ndiyo iliyofaulu. Akaniambia niende mpaka mlangoni nirudi. Nikaenda na mkongojo, nikarudi. Akaniambia niinue boksi la karatasi kutoka chini mpaka mezani. Liliponitetemeka mikononi nilimsikia wifi akivuta pumzi, lakini lilifika. Kisha akasukuma kalamu na karatasi mbele yangu.

"Andika jina lako, na tarehe ya leo."

Kalamu ilianguka. Ikabingirika, ikatua ukingoni mwa meza, karibu kabisa na goti la wifi. Nilinyoosha mkono. Vidole viliifikia, vikaisukuma, vikaifikia tena. Daktari alitazama saa yake. Niliishika hatimaye kwa vidole vitatu, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikaandika jina langu lote, la baba na la babu, na tarehe kwa maneno, si kwa tarakimu. Alisoma, akagonga muhuri. Kazi ya mezani, miezi mitatu, kisha apimwe tena.

Ndipo nilipogeuka kumtazama wifi, nikistaajabu kwamba mkono wake haukuja. Alikuwa ameketi wima, machozi yakimtiririka bila kufutwa mpaka kwenye shingo ya baibui, na mikono yake yote miwili alikuwa ameikalia.